Jioni ya "nani kaua" nyumbani: mchezo wa kununua, Cluedo, Mafia au kuandika wenyewe? (Niko Mbeya)

Loleza_Baridi

Wakuu, habari za humu. Naomba tulinganishe kabla sijaingia gharama.

Dada yangu anatimiza miaka 30 mwisho wa Juni. Tangu tukiwa shule ya msingi yeye ni mtu wa hadithi za upelelezi. Akimaliza sura mbili tu ameshaanza kukutajia muuaji. Nataka nimfanyie jioni moja hapa nyumbani, Forest Mpya. Kila mgeni apewe uhusika wake, mtu mmoja awe ameuawa, na waliopo wote wawe washukiwa mpaka aliyeua apatikane. Tutakuwa 11 pamoja na mimi: ndugu, wafanyakazi wenzake watatu na shemeji zetu wawili kutoka Tukuyu. Sebule ni moja, meza ya chakula inakalisha watu sita.

Naona njia nne. Kuna michezo iliyoandikwa tayari, unalipia mtandaoni, unapakua na kuchapisha. Niliyoiona ni kati ya dola 20 na 40. Kuna Cluedo, ule wa ubaoni. Kuna Mafia, ambao hauhitaji kitu zaidi ya karata. Na kuna kukaa chini tukaandika hadithi yetu.

Ule wa kununua niliwahi kuucheza nikiwa chuo, Dar. Ulikuwa wa watu wanane, na siku yenyewe wawili hawakutokea. Mmoja wao ndiye aliyeshika habari ya ufunguo wa stoo, kwa hiyo sita tuliobaki tulihangaika saa nzima tukitafuta kitu ambacho hakikuwamo chumbani. Tena ulikuwa wa Kiingereza, unahusu jumba la kitajiri huko Uingereza lenye mpishi, mtunza bustani na mjane mwenye cheo. Watu walisoma karatasi zao kama taarifa ya habari. Hakuna aliyeuliza swali la kumtoa mwenzake jasho. Sitaki dada yangu apate jioni ya namna ile, ila sijui kosa lilikuwa la mchezo au letu sisi.

Mwalimu_Kihesa

Kamwene ndugu. Niseme kuhusu Cluedo kwa kuwa ninao, na nimeutumia sana kufundishia hesabu hapa Iringa.

Aliyeubuni ni Mwingereza, Anthony Pratt wa Birmingham, mpiga piano aliyekuwa akitumbuiza hotelini na kuona wageni wakicheza michezo ya mauaji ya kuigiza. Aliomba hataza, yaani haki ya mbunifu, mwaka 1944, vita haijaisha, na kampuni ya Waddingtons ya Leeds ikautoa madukani mwaka 1949. Kwa hiyo Cluedo umezaliwa na jioni ya aina hiyohiyo unayoitaka: mtu aliona mchezo wa sebuleni, akaushusha kwenye ubao.

Washukiwa ni 6, silaha 6, vyumba 9. Kadi tatu zinafichwa ndani ya bahasha, moja ya kila aina, na 18 zilizobaki wachezaji wanagawana. Ukizidisha 6 kwa 6 kwa 9 unapata majibu 324 yanayowezekana, na kila swali linayapunguza. Nikitaka mwanafunzi aelewe namna ya kufuta majibu mpaka libaki moja, sina mfano mzuri kuliko huo.

Kwa sherehe yako, lakini, hapana. Mwisho wake ni wachezaji 6. Mnaweza kukaa wawiliwawili mkawa jozi tano, wewe ukashughulika na chakula, hilo linawezekana. Kinachokosekana ni mtu. Mshukiwa ni kipande cha plastiki, hana sababu ya kuua wala hana wa kumwonea aibu. Dada yako anapenda hadithi, na humo hadithi hamna.

Iyunga_Mabwenini

Mkuu, cheza Mafia, hautakuangusha. Tuliucheza bwenini kila umeme ulipokatika, mpaka matroni akawa anakuja kusikiliza.

Kwa wasioufahamu: ulianzishwa mwaka 1986 na Dimitry Davidoff, mwanafunzi wa saikolojia Chuo Kikuu cha Moscow. Wazo lake ni kwamba wachache wanajuana, wengi hawajui lolote. Kwa watu wako 11 weka msimulizi mmoja, wauaji wawili, daktari mmoja, mpelelezi mmoja, sita wawe raia. Unagawa karata kimyakimya. Msimulizi anasema kijiji kimelala, wote wanafumba macho. Wauaji wanafumbua, wanaelekeza kidole kwa mtu. Daktari anachagua wa kumlinda. Mpelelezi anaonyesha mmoja na kuambiwa kwa kichwa kama ni muuaji au siye. Asubuhi aliyekufa anatajwa, kijiji kinajadili na kupiga kura ya kumtoa mtu. Wauaji wakiisha raia wameshinda. Idadi ya wauaji ikilingana na ya raia, basi wauaji wameshinda.

Gharama sifuri. Akipungua mtu, unapunguza raia. Hakuna anayesoma karatasi. Ukitaka watu wasiojuana wachangamke ndani ya dakika kumi, hakuna unaoushinda huu.

Dada_Mwanjelwa

Iyunga, naukubali Mafia, nimeucheza sana. Ila fikiria mwenye siku yake ndiye anauawa usiku wa kwanza. Anakaa pembeni nusu saa anaangalia wenzake. Kwa bwenini si kitu, raundi inaisha mnaanza nyingine. Kwa mtu anayetimiza miaka 30, aliyevaa akapendeza, hapana kwa kweli.

Na jambo la pili, Mafia hauna cha kuchunguza. Unamtazama mtu machoni na kusema "huyu anacheka vibaya, tumtoe". Anayependa upelelezi anataka dalili: karatasi iliyochanika, saa zisizolingana, mtu aliyesema alikuwa jikoni kumbe hakuwepo. Ningeuweka Mafia mwishoni baada ya keki, kwa watakaotaka kuendelea.

Mama_wa_Rungwe

Mwanangu Loleza, kosa lilikuwa la mchezo, halikuwa lenu. Andikeni wenyewe. Nimefanya mara tatu, mbili kwa wanangu na moja kwa kikoba chetu, na nitakueleza nilivyofanya ili usirudie makosa yangu.

Anza mwisho. Kabla hujampa mtu yeyote jina, andika kwenye karatasi moja: nani kafanya, kwa nini, kwa namna gani, saa ngapi. Sentensi nne tu. Mara ya kwanza mimi nilianza na wahusika, nikawapenda wote, nikafika siku mbili kabla ya shughuli sijui ni nani aliyeua. Nikamchagua mmoja kwa haraka na dalili hazikukaa sawa. Watu waliona. Mwanangu mkubwa aliniuliza palepale, "Mama, kwani tungejuaje?" Sikuwa na jibu.

Ukishajua mwisho, tengeneza dalili tatu zinazomwelekea mkosaji, kila moja iwe mikononi mwa mtu tofauti. Kwa nini tatu? Moja watu wataisahau, moja wataielewa vibaya, inayobaki itawafikisha. Na hapo ndipo dawa ya wasiotokea: dalili isikae kichwani mwa mtu tu, iwe na karatasi yake ndani ya bahasha. Mgeni asipofika, bahasha yake unaiweka mezani, mnasema imekutwa chini ya kitanda.

Halafu kila mhusika awe na mambo matatu. Siri yake mwenyewe, ambayo si lazima ihusiane na kosa. Jambo moja analolijua kuhusu mwenzake. Na kitu anachokitaka usiku ule: anatafuta barua, anataka kudai deni, anataka watu wasijue ameposa. Hilo la tatu ndilo linalomwinua mtu kitini. Asiye na anachokitaka atakaa na soda yake mpaka mwisho, na utamlaumu bure.

Sheria ya uongo iseme mapema: mkosaji peke yake ndiye anayeruhusiwa kudanganya mpaka mwisho. Wengine wanaweza kukwepa swali, lakini wakiulizwa mara ya pili moja kwa moja wanasema kweli. Bila hivyo wasio na hatia watabuni mambo yao na dalili zako zote zitazama.

Gawanya jioni mara tatu, kila sehemu nusu saa hivi, chakula kikae katikati. Sehemu ya kwanza watu wanajitambulisha na kuulizana walikuwa wapi. Ya pili unagawa bahasha za siri. Ya tatu kila mtu anaandika kwenye kikaratasi nani, kwa nini, kwa kutumia nini, ndipo mnasoma. Wasitaje kwa mdomo, maana mwenye sauti kubwa atawaburuza wote.

Wewe uliyeandika huchezi. Kuwa mwenye nyumba, gawa bahasha, jibu maswali.

Steshenari_Uyole

Upande wa karatasi: 11 kwa kurasa mbili mbili ni 22, ongeza dalili kama kurasa kumi. Kwa bei ya hapa kwetu ya shilingi 200 kwa ukurasa hufiki 7,000. Bahasha chukua zile ndogo za kaki, zinafanana na za zamani. Karatasi za dalili ukizipaka chai ya rangi kwa pamba na kuzianika, zinageuka kama za miaka mingi. Ila chapisha kwa mashine ya leza. Wino wa kawaida utachuruzika.

Mzee_Mafinga

Vijana, nasoma kwa makini na ninaona mnavyofurahi, lakini nina neno. Huku kwetu kifo hakichezewi. Mtu akisema "fulani kafariki" watu wanaacha jembe shambani. Miaka miwili iliyopita katika ukoo wetu kijana mmoja alituma mwaliko wa shughuli kama hiyo kwa WhatsApp, akauandika kama tangazo la msiba, akaweka jina la rafiki yake na picha. Ulisambazwa makundi matatu kabla ya jioni. Shangazi yake huyo rafiki alipanda basi Makambako na kanga zake za msiba, akafika akamkuta mtu mzima wa afya. Alikaa chini akalia mlangoni. Mimi nilikuwepo.

Kwani lazima auawe mtu? Kitu kinaweza kuibwa.

Dada_Mwanjelwa

Shikamoo mzee. Kuhusu mwaliko nakuunga mkono kabisa, huo ulikuwa ukatili hata kama hakukusudia. Ila mimi bado nasimama na mauaji, ilimradi marehemu awe mtu wa kubuni kabisa, wa zamani, asiyefanana na yeyote chumbani. Kikiibwa kitu watu wanaona ni mali tu, italipwa. Maisha yakipotea kila mtu anakaa mbele ya kiti.

Mzee_Mafinga

Marahaba binti. Nimekuelewa, ila sijabadili.

Nesi_Njombe

Naomba niingize la afya, msinione naharibu mada. Mwisho wa Juni Mbeya usiku ni baridi kali, na watu 11 watakuwa wamefunga madirisha ili hata sauti zisitoke. Msiingize jiko la mkaa sebuleni kuotea. Mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichofungwa unatoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Inaanza kwa kichwa kuuma na usingizi, na mtu aliyelala ndani yake anaweza asiamke. Mtu akianza kulegea katika mchezo wa namna hii wenzake watadhani anaigiza. Vaeni makoti na mablanketi, chai ya tangawizi iwe kwenye chupa, basi.

Tena nyumba zimebanana. Waambie majirani na balozi wako wa nyumba kumi mapema kwamba kuna mchezo. Ukelele mmoja wa saa tatu usiku, watu watatoka na marungu kuja kusaidia.

Loleza_Baridi

Ndaga fijo, Mama wa Rungwe, na ninyi nyote. Mzee Mafinga, maneno yako yamenikalia tangu jana, kwa sababu mfanyakazi mwenzake dada mmoja amempoteza mama yake mwezi Machi. Nilikuwa sijalifikiria kabisa. Naenda na njia ya kuandika wenyewe, na hakuna atakayekufa: mtu amekutwa hajitambui, amepigwa kichwani, na dhahabu yake haipo. Daktari kasema ataamka asubuhi. Mkosaji ana usiku huo mmoja tu.

Mahali ni Chunya, mwaka 1936, wakati wachimbaji wamejaa machimbo ya dhahabu ya Lupa. Aliyepigwa ni mnunuzi wa dhahabu. Washukiwa: mke wake, karani wa mizani, mchimbaji, mlinzi, dereva wa lori, mwenye hoteli, mfanyabiashara kutoka Tukuyu na wengine watatu ambao akikosekana yeyote hadithi haiharibiki. Aliyemshambulia ni karani. Alikuwa na jiwe la mizani zito kuliko namba iliyoandikwa juu yake, kwa hiyo wachimbaji walikuwa wakitoa dhahabu zaidi kwa bei ileile, na kile kilichozidi anakichukua yeye. Bosi wake aligundua.

Dada yangu hayumo humu, nimehakikisha.

Nina dalili moja ninayoipenda sana: mfanyabiashara wa Tukuyu anadai alishuka na treni Mbeya jana yake. Nani atakumbuka kwamba reli ya TAZARA imejengwa kati ya 1970 na 1975?

Mwalimu_Kihesa

Hadithi nzuri sana. Hiyo ya treni itoe. Mgeni wa leo ataicheka, lakini watu wa 1936 waliomo ndani ya hadithi wangejua palepale kwamba hakuna reli Mbeya, na hakuna mwongo wa kusema hivyo mbele ya dereva wa lori. Zaidi ya hayo, dalili isimtegemee mtu aliyesoma historia. Kinachohitajika kupata jibu kiwe kimeandikwa kwenye karatasi mojawapo chumbani.

Mama_wa_Rungwe

Mwalimu kasema kweli. Tumia mvua. Weka hadithi mwezi Aprili. Mfanyabiashara anadai kafika jioni hiyo na lori la wazi kutoka Tukuyu, na koti lake limetundikwa mlangoni likiwa kavu. Nani wa huku atakubali kwamba mtu katoka Tukuyu mwezi wa nne kwenye lori la wazi akafika mkavu? Ili mwalimu aridhike, karatasi ya dereva iseme kwamba lori lilikwama Kiwira siku nzima kwa mvua. Basi mfanyabiashara amedanganya. Lakini si mkosaji: alikuwa Chunya tangu jana yake kupeleka posa kwa siri. Watu watamkamata kwa nguvu zote, na wakimwachia ndipo watamrudia karani.

Ila angalia, sheria yetu inasema asiye na hatia hadanganyi akiulizwa mara ya pili. Kwa hiyo akibanwa atakiri. Hapo ni pazuri, usipaondoe.

Iyunga_Mabwenini

Mimi sasa nataka kualikwa.

Loleza_Baridi

Narudisha majibu, imefanyika Jumamosi.

Tulianza saa moja na nusu usiku kwa sababu shemeji mmoja alichelewa Uyole, na mwingine hakufika kabisa. Alikuwa ndiye mlinzi, mwenye dalili kwamba kisanduku cha mawe ya mizani kilikuwa kitupu jioni, wakati karani anadai hakikuguswa. Bahasha yake niliiweka mezani kama Mama alivyofundisha, imekutwa chini ya kitanda. Hakuna aliyeona pengo.

Zile dalili mbili nyingine: mchimbaji alikuwa na kikaratasi kinachoonyesha dhahabu yake ilipimwa kwingine ikawa na uzito tofauti, na mke alikuwa na daftari la manunuzi lenye jumla mbili. Kilichonishangaza ni sehemu ya pili. Mfanyabiashara wa Tukuyu, ambaye ni shemeji yetu kweli wa Tukuyu, alibanwa kuhusu lile koti mpaka akasimama na kukiri posa mbele ya "baba wa binti", na baba wa binti, kaka yangu ambaye ni mkimya siku zote, akaanza kumdai mahari palepale. Ng'ombe wangapi, nani mshenga, mbona hukuja na wazee. Walisahau dhahabu dakika ishirini. Sikuwakatisha. Wali wa Kyela ulipoa, tukaupasha.

Kilichonishinda: sehemu ya tatu ilikuwa ndefu mno. Karatasi zilikuwa nyingi mezani na watu wawili waliacha kusoma. Nikirudia nitapunguza ziwe nusu. Na daftari la manunuzi niliandika tarakimu ndogo, taa ya sebule haikutosha, mama alinirudishia akasema haoni. Nilipaswa kulijaribu usiku kabla ya siku yenyewe.

Kati ya wachezaji tisa, watatu walimtaja karani, na dada ni mmoja wao, pamoja na sababu na jiwe lenyewe. Wawili walibaki na mfanyabiashara hata baada ya kukiri. Dada ameziweka bahasha zote kwenye kabati lake. Yule mwenzake aliyefiwa ndiye alicheza mwenye hoteli. Wakati wa kuondoka aliniambia ni mara ya kwanza tangu Machi amekaa mahali saa tatu bila kuangalia simu. Mzee Mafinga, nakushukuru.

Mzee_Mafinga

Nimefurahi sana mwanangu. Nina wajukuu wanakuja likizo na nimewasomea hii habari yote. Wanauliza kama unaweza kunitumia hizo karatasi.

Loleza_Baridi

Za Chunya hazitafaa mzee, wameshajua ni karani. Ya kwenu naanza upya: kambi ya wapasua mbao, msitu wa Sao Hill, shehena ya mbao imepotea usiku wa ukungu. Nitaileta mwenyewe Mafinga. Usije ukaniuliza chochote humu, maana kiti cha mlinzi wa ghala nimekuwekea wewe.